Takhmisi Si Wizi: Jawabu kwa Wanaoizika Michezo ya Kale

Jioni moja ya Jumapili, baada ya sala ya magharibi, tulikuwa tumeketi barazani kwangu mjini Tanga, mimi na rafiki yangu mmoja wakili, tukingoja kahawa, na kando yetu mpwa wangu ameinamia kompyuta ambayo kwa umri yastahili kuitwa kaka yake, feni ikikoroma kama cherehani, akicheza Age of Empires II, mchezo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999, yeye hajazaliwa. Wakili aliukodolea macho ule mji mdogo uliokuwa ukijengwa kiooni, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa mkono wa tanzia, kama kijana huyu hana la kufanya hata acheze na mzoga. Mpwa wangu akainua uso kwa adabu. "Si mzoga, mzee," akasema. "Hawa Wahabeshi hapo mwanzo hawakuwamo. Waliowaleta walianza kama mashabiki tu, mfano wangu mimi." Wakili akacheka. "Basi ni vibaya zaidi. Ni mzoga, na tena wa wizi."

Kahawa ikaletwa, maneno yakahamia kwenye bei ya mkonge, na kwa wakili yule shauri likawa limekwisha. Kwangu halikuisha, maana neno lile si lake peke yake: nimelisikia kwa wazazi, kwa waalimu, kwa wauza mitambo, na, la kustaajabisha kuliko yote, kwa makampuni yenyewe yaliyoitunga michezo hiyo na kula kwayo. Neno linapokuwa kinywani mwa wengi huvaa joho la ukweli hata kama ndani ni uchi. Ndiyo maana nimeazimia kulivua.

Kauli yenyewe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wenye rai hii si wajinga, na hoja zao zikipangwa kwa insafu zina mfuatano wake. Husema, kwanza, kwamba mchezo wa kompyuta si kitabu wala si shairi. Ni chombo, na chombo kilichopitwa na wakati hutupwa, kama ilivyotupwa simu ya kuzungusha kwa kidole. Pili, kwamba ukiwapo mchezo wa kale uliostahili kuishi, mwenye mali ataurejesha mwenyewe katika toleo jipya lenye sura nzuri zaidi, na la zamani halitakuwa na haja tena. Tatu, kwamba anayeuchukua mchezo wa mwenziwe akautilia ramani, wahusika au hadithi zake, kazi ambayo vijana huiita modi, ametia mkono katika milki ya mtu, na tendo hilo lina jina. Nne, kwamba hata tukimsamehe, kazi yake ni ya mapenzi, hakuajiriwa wala hakuombwa, basi asidai kitu. Tano, na hili husemwa kwa kunong'ona, kwamba hayo yote ni mambo ya watoto wa nchi za mbali, yanayotuhusu sisi kwa kadiri ya umeme unaoteketezwa na wapwa zetu.

Nadhani nimewapangia vizuri kuliko wanavyojipangia wao. Sasa nitapangua, moja baada ya jingine.

1. Kwamba kilichozeeka kimekufa

Maiti ina dalili zake: haijibu, haikui, wala haizai. Tuupime kwa dalili hizo mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software Desemba 1993. John Carmack, fundi mkuu wa programu ile, alizitenga ramani, picha na sauti katika faili za peke yake, mbali na injini inayoendesha mchezo, ili mtu yeyote aweze kutia zake bila kuvunja za mwenyewe. Na mwaka 1997 kampuni ikaufungua msimbo asilia wenyewe, kila ajuaye kusoma asome. Tangu hapo watu hawajaacha kuutungia ramani, na kila mwaka wapenzi wake hukutanisha rai zao na kuziteua zilizo bora za mwaka ule. Mchezo una zaidi ya miaka thelathini na ungali unazaa.

Sasa mtazame kijana. The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka mwaka 2014, na tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa. Kwa kuwa mchezo ule haukuweza kwenda hatua moja bila seva, aliyeununua kwa fedha yake halali, na diski anayo mkononi, alibaki na kisahani cha plastiki kinachofaa kuwekea kikombe. Mzee wa 1993 yu hai, na kijana wa 2014 amezikwa. Wanaosema uzee ndio uuao michezo na watueleze hapo uzee umeingilia wapi. Mimi naona swichi, na mkono ulioizima.

Wala kisa hicho si cha pekee. Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa uchunguzi kwamba katika michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena madukani kwa njia yoyote ya kawaida. Miezi michache kabla yake, tarehe 27 Machi, Nintendo ilikuwa imeyafunga maduka ya intaneti ya mitambo yake miwili, Wii U na 3DS. Wahifadhi walipoomba ruhusa ili maktaba ziwaazime watafiti michezo isiyouzwa tena, wakiisoma kutoka mbali bila kusafiri hadi ilipo, chama cha wafanyabiashara wa michezo kikapinga, na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa. Hesabu basi ndiyo hii: duka limefungwa, maktaba imekatazwa, kisha mtu husimama mlangoni akashangaa mbona hakuna anayeingia, na mshangao wake akautolea hati ya kifo.

Kuhusu hoja ya chombo, sina haja ya maneno mengi. Bao ni chombo, na ubao wake ni mti uliochongwa mashimo. Sijapata kumsikia mtu akimwambia mcheza bao kwamba umepitwa na wakati na wazalishaji wameahidi mwingine.

2. Kwamba toleo jipya latosha

Neno wanalolipenda hapa ni kuboresha. Tutazame maboresho mawili.

Januari 2020 kampuni ya Blizzard ilitoa Warcraft III: Reforged, ambao ulikusudiwa kuwa mchezo wa 2002 katika mavazi mapya. Wanunuzi walilalamika kwa wingi hata kampuni ikalazimika kufungua mlango wa kurudisha fedha. Lakini msiba haukuwapata hao tu. Aliyeununua ule wa zamani, na asiyetaka kuuona huo mpya hata kwa macho, alikuta programu yake imegeuzwa ifuate mpya, na baadhi ya mambo aliyoyazoea yameondolewa. Ni sawa na fundi aliyeitwa kuipaka rangi nyumba ya jirani yako, akang'oa na milango yako, kisha akakutaka ushukuru.

Novemba 2021 ikaja zamu ya Grand Theft Auto III, Vice City na San Andreas, michezo mitatu iliyotolewa upya kwa mkupuo mmoja baada ya matoleo ya kale kuondolewa kwanza katika maduka ya intaneti, asije mteja akapata nafasi ya kulinganisha. Katika mji wa mmoja wa michezo hiyo mna duka la donati ambalo bango lake ni nati kubwa ya chuma, kwa sababu jina la duka limelichezea neno la Kiingereza ambalo kwao huweza kuwa nati au kokwa. Nati ile ilikuwa na pembe, kama nati zote, maana pasipo pembe spana haina pa kushika. Toleo jipya likazilainisha pembe hizo, nati ikawa duara kama gurudumu, na mzaha mzima ukamwagika. Mboreshaji aliona pembe akadhani ni kasoro. Na kosa hilo dogo ndilo falsafa yote ya wanaodhani mchezo ni uso wake. Kampuni yenye michezo hiyo iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani dukani kwake, yaani dawa ya lile jipya ilikuwa lile la kale.

Fauka ya hayo, wanatuambia mwenye mali ndiye mhifadhi. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ulitoka Novemba 2004 ukiwa na makosa tele, Troika Games, waliouunda, wakafunga mlango mwaka uliofuata, na kwa kanuni ya mwenye mali ndiye mhifadhi, mchezo ungeishia hapo. Aliyeufanyia matengenezo mwaka baada ya mwaka, bila kuajiriwa na mtu, ni Mjerumani mmoja aitwaye Werner Spahl, ambaye kwa taaluma ni mkemia. Kadhalika Knights of the Old Republic II, wa mwaka huo huo, uliharakishwa mno hata sehemu nzima zikakatwa, kikiwamo kiwanda kizima cha maroboti, mabaki yake yakaachwa yametapakaa ndani ya diski. Mashabiki ndio waliofukua, wakaunganisha na kukirejesha kiwanda mahali pake. Kampuni ya Aspyr ilipoupeleka mchezo huo kwenye mtambo wa Switch mwaka 2022, ilitangaza kwamba sehemu hizo zilizorejeshwa zitafuata kama nyongeza. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba hazitakuja. Kazi ya wasiolipwa ilitosha kuwa tangazo la biashara, ila haikutosha kufika kwa mnunuzi.

Watu wa pwani wanajua jahazi linavyoishi. Mbao hukauka, maji hupenya, na msimu ukiisha chombo hupandishwa ufukweni, mafundi wakakaa ubavuni mwake na pamba na mafuta, wakakitia kalafati mshono kwa mshono. Sijapata kumsikia nahodha akimwita fundi wa kalafati mwizi wa jahazi, seuze nahodha aliyelitelekeza jahazi lenyewe ufukweni.

3. Kwamba kuongeza ni kuiba

Hapa ndipo rafiki yangu wakili alipo nyumbani kwake, nami nitabisha hodi kwa heshima. Mwaka 1998, katika shauri la Micro Star na FormGen, mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kampuni iliyokusanya ramani 300 zilizotungwa na wachezaji wa Duke Nukem 3D na kuziuza katika diski ilikuwa imeingilia haki ya mwenye mchezo. Hukumu hiyo siibatilishi. Naomba tu isomwe mpaka mwisho: aliyeshtakiwa ni mchuuzi aliyeziokota kazi za watu akazipeleka sokoni, si watu waliozitunga, na chombo cha kutungia ramani kilitiwa ndani ya mchezo na wenye mchezo wenyewe, na wachezaji wakahimizwa wakitumie. Ukimpa mgeni jembe ukamwonyesha shamba, si uungwana kupiga mayowe ya mwizi unapomkuta analima.

Tena historia ya biashara hii ina tabia ya kumwita mtu mwizi asubuhi na kumwandalia karamu jioni. Mwaka 1981 vijana waliotoka chuo cha MIT, chini ya kampuni yao ndogo General Computer, walitengeneza kifaa cha kuongeza ugumu na mambo mapya katika Missile Command, mchezo wa Atari. Atari ikawashtaki. Shauri likaisha kwa Atari kuwapa vijana wale mkataba wa kuitungia michezo. Kifaa chao kingine, cha kuongezea Pac-Man, kilinunuliwa na kampuni ya Midway, na mwaka 1982 kikatokea mitaani kwa jina la Ms. Pac-Man, mmoja wa michezo iliyochuma sana katika mashine za sarafu za Marekani. Maana yake ni kwamba malkia yule alizaliwa nyongeza, na walezi wake walikuwa na kesi mahakamani.

Yaliyofuata ni marudio. Mwaka 1996 id Software iliuza Final Doom, ambao nusu yake, TNT: Evilution, ilitungwa na kundi la mashabiki waliokuwa karibu kuitoa bure ndipo kampuni ikainunua. Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata ulikuwa bidhaa ya Valve. Ramani ya DotA ilitungwa na wachezaji wa Warcraft III, mmoja akimwachia mwingine, na ikasitawi hata mwaka 2011 kampuni mbili kubwa, Valve na Blizzard, zikaingia katika mabishano rasmi juu ya jina lake, zikapatana mwaka 2012. Naomba msomaji atue kidogo hapa: majitu mawili yaligombania jina ambalo hakuna hata moja lililolibuni.

Ama kuhusu kanuni, itafute mwenyewe uione. Agosti 2016 Milton Guasti alitoa AM2R, mchezo wa pili wa Metroid alioujenga upya kwa miaka mingi ya saa zake za ziada, na Nintendo ikaufukuza katika intaneti kwa muda wa siku chache. Mwaka mmoja baadaye Sega ilitoa Sonic Mania, kazi iliyoongozwa na Christian Whitehead, ambaye naye alijifunza ufundi wake kwa kuichezea mali ya Sega bila ruhusa, na wakamshangilia. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni upepo katika ofisi ya mwenye mali. Wizi unaotegemea upepo wa ofisi ni wizi wa namna gani?

Na wale Wahabeshi wa barazani kwangu? Kampuni iliyotunga Age of Empires II, Ensemble Studios, ilifungwa mwaka 2009. Kundi la mashabiki likautungia nyongeza yake lenyewe, na mwaka 2013 Microsoft ikaipiga muhuri na kuiuza kwa jina la The Forgotten. Mwaka 2015 kundi lile lile likaleta The African Kingdoms, na mwaka 2019 likawa miongoni mwa waliotengeneza toleo zima jipya. Nyongeza ambayo wakili aliitia hatiani kabla kahawa haijaiva ilikuwa na idhini, risiti na ushuru. Alihukumu bila kuita shahidi hata mmoja.

Sisi nasi, kabla ya kuazima mizani ya mahakama za ng'ambo, tulikuwa na desturi yetu. Katika ushairi wa Kiswahili kuna bahari iitwayo takhmisi: mtunzi huuchukua utungo wa aliyemtangulia, asiuharibu, kisha kwa kila mishororo miwili ya mwenyewe akatia mitatu yake, ikawa mitano. Hivyo ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoufanyia utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, na kazi hiyo mpaka leo huitwa Takhmisi ya Liyongo. Aliyeongeza hakulifuta jina la aliyeanza, wala aliyeanza hakupungukiwa na kitu. Kinyume chake, wapo wanaomjua Liyongo mshairi kwa sababu ya mishororo mitatu ya mtu mwingine. Hakuna kadhi wa Pate aliyeitisha pingu.

4. Kwamba mpenzi hadai ujira

Neno mapenzi lina kazi nyingi duniani, na mojawapo ni kufuta deni. Wenye rai hii, baada ya kumwita mtunzi wa nyongeza mwizi, hugeuka mara moja wakamwita mpenzi, na hawaoni kwamba majina hayo mawili hayakai katika mtu mmoja kwa wakati mmoja: mwizi huchukua, mpenzi hutoa. Ukitaka kujua yupi ni yupi, fuata mali inakoelekea.

Kampuni ya Looking Glass ilifungwa mwaka 2000, miezi michache baada ya kutoa Thief II. Mashabiki wakaifanyia kazi nyongeza yake kwa miaka mitano, wakaitoa mwaka 2005 bila malipo: ramani, sauti, hadithi na mhusika mkuu mpya, vyote vyao. Mchezo wa msingi ulitakiwa ununuliwe kwanza. Mali ilielekea wapi hapo? Aprili 2015 Valve na Bethesda walifungua soko la modi za Skyrim, mchezo wa 2011, zianze kuuzwa kwa fedha. Mtunzi wa modi alitengewa asilimia 25. Asilimia 75 ni ya duka na ya mwenye mchezo. Watu wakapiga kelele, na soko likafungwa kabla ya wiki kwisha. Lakini mizani ilikwisha kuonekana, na mtu aliyeiona hawezi kujifanya hakuiona. Ni mwizi gani huyu ambaye mwenye mali humwita wagawane, tena kwa kumpunja robo tatu ya kile alichokitunga mwenyewe?

Kisha rudi kwenye Reforged ya 2020, maana ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho wachezaji wachache walikisoma kabla ya kubonyeza kubali: kwamba ramani yoyote atakayoitunga mchezaji kwa chombo kile ni milki ya kampuni, na haki zake zote amezihamisha kwao. Kisa cha DotA kiliwauma, wakaapa hakitarudi. Rafiki yangu wakili na aisome sentensi hiyo kwa miwani yake yote miwili, halafu aniambie, katika shauri hili, nani ametia mkono katika milki ya nani. Mchezaji akiongeza mshororo katika shairi la kampuni, ni wizi. Kampuni ikiuchukua mshororo, ni masharti ya matumizi.

Wala sisemi kila nyongeza ni johari. Nyingi ni taka, nyingine ni matusi yaliyopakwa rangi, na wapo watunzi wenye kiburi kuliko makampuni. Lakini gharama ya kweli haiandikwi popote: usiku uliokesha, macho yaliyochoka, mtihani ulioanguka, na baada ya miaka mingi barua ya wakili inayokuamuru uifute kazi yako ndani ya siku kadhaa. Gharama hiyo hulipwa na mtu mmoja, na faida, ikiwapo, humwendea mwingine. Mapenzi ya namna hiyo mimi nayaita utumwa wa kujitakia, nao haukuwahi kuwa sifa ya bwana.

5. Kwamba hayo si yetu

Nilikwenda kuwaona kwa macho yangu. Katika kibanda kimoja cha gemu karibu na Barabara ya Kumi na Tatu, palipo benchi moja, televisheni mbili na daftari la kuandikia dakika, niliwakuta vijana wanne wakipeana pedi katika mchezo wa mpira wa zamani, nao uwanjani walikuwa Simba na Yanga. Hakuna kampuni iliyozitia timu hizo mle. Alizitia kijana fulani kwa kubadilisha picha za jezi za timu za Ulaya, tena kwa haraka, maana namba ya mgongoni ya mshambuliaji mmoja wa Yanga ilikuwa imekaa upogo, na chini ya kijani ulionekana bado ukingo wa rangi nyekundu ya wenyewe wa kwanza. Mtoto aliyekuwa akingoja zamu aliniambia, bila kuulizwa, "Shikamoo babu, hii Yanga ni ya kutengeneza." Alijua. Wala hakuona haya, kwa kuwa isingekuwa hiyo ya kutengeneza, hakuna nyingine.

Hilo ndilo jawabu la hoja ya tano. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, wa mtunzi Mmarekani Christopher Tin, ambao mwaka 2011 ukawa utungo wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Lugha yetu ilipokelewa mlangoni kwa heshima. Waliokuwa wakiisema hawakupewa kiti ndani. Na The African Kingdoms yenyewe, ile ya Wahabeshi wa mpwa wangu, ilileta mataifa manne: Waberberi, Wahabeshi, Wamali, na Wareno. Ndiyo, Wareno, katika nyongeza iitwayo falme za Kiafrika. Na mojawapo ya kampeni zake humkabidhi mchezaji jukumu la kumwongoza Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Mtoto wa Mombasa aliyetaka kujiona katika mchezo ule alipewa nafasi ya kujichoma mwenyewe.

Siwalaumu sana wale mashabiki. Mtu hutunga anachokijua, nao Kilwa waliijua kwa macho ya meli zilizoishambulia. Ila funzo ni wazi kama mchana: picha yetu haitachorwa na mwenye mali aliye mbali, na asiyeshika kalamu huandikwa na mwenye kalamu. Mlango wa kuingilia ni huo huo wa nyongeza, ambao wakili wangu anataka ufungwe kwa kufuli la sheria, na ambao haupitiki ila katika michezo ya kale, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokubali kuendeshwa na kompyuta zilizo makaka wa wapwa zetu. Kijana wa Tanga hana fedha ya mtambo wa mwaka huu. Anayo mashine inayokoroma, anayo saa moja ya umeme, na anayo jezi ya kijani ya kutia. Mwambie ni mwizi, kisha usimlalamikie akikua hajui kutengeneza kitu.

Hukumu

Hoja tano zimesimama na hoja tano zimekaa. Kilichoitwa mzoga kilizimwa swichi na mwenyewe. Toleo jipya liliponywa na la zamani. Mwizi alialikwa mezani pale mali yake ilipoonekana tamu. Mpenzi alitozwa robo tatu. Na yasiyotuhusu yametuchoma Mombasa.

Sidai makubwa. Mwenye mchezo akiacha kuuuza, aufungue, kama id Software walivyoufungua msimbo wa Doom mwaka 1997, au walao awape ruhusa wanaouendesha, kama NCSoft walivyofanya Januari 2024 kwa wapenzi wa City of Heroes, mchezo waliouzima wenyewe mwaka 2012. Akitaka kutoa toleo jipya, alitoe, ila asiliue la kale ili lipate kuonekana zuri. Na nyongeza ya mtu ikiuzwa, mtu huyo alipwe, na jina lake liandikwe mahali panaposomeka.

Hili la mwisho ndilo jepesi kuliko yote na ndilo linalokataliwa kuliko yote. Bloodlines ungali ukiuzwa, na katika duka la GOG huuzwa na kiraka cha yule mkemia kikiwa ndani yake. Takhmisi ya Liyongo ina zaidi ya miaka mia mbili, na kila anayeifundisha hutaja majina mawili: la Liyongo, na la Sayyid Abdallah. Majina mawili, rafiki yangu wakili. Hayo tu.